Gasketi ya silinda hedi haiungui bure: kuitambua, kuipima na kuifunga ikakaa

Gasketi ya silinda hedi ikiungua kwenye gari lililokwisha kutembea kilomita laki mbili na zaidi, karibu kila mara kuna kitu kilichotangulia kuharibika. Rejeta imejaa chokaa, au feni haizunguki, au pampu ya maji inavuja kidogo kidogo, au mpira wa kifuniko cha rejeta umekufa. Gasketi huja mwisho wa mlolongo huo. Ndiyo maana kazi hii ikifanywa kwa pupa hurudi gereji: fundi anafungua, anatia gasketi mpya, anafunga, gari linatoka likiunguruma vizuri, na baada ya muda si mrefu linachemsha tena njiani Nungwi. Kilichochemsha mara ya kwanza hakikuguswa.

Haya ni kwa wenye Vitz, IST, Probox, Noah, Alphard, Hiace na Prado kuukuu, magari yanayobeba watu na mizigo Unguja na Pemba, na kwa fundi kijana aliye tayari kupima kabla ya kukisia.

Kwa nini inaungua

Gasketi imebanwa kati ya bloki (mwili wa injini wenye silinda) na hedi (kichwa chake cha juu chenye vali), na inatenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa ndani ya silinda, maji na oili. Penye ukingo mwembamba, kati ya silinda moja na ya pili, nafasi yenyewe ni milimita chache tu. Kwenye injini za Toyota kama 5A na 7A za petroli na 1KZ ya dizeli, hedi ni ya aluminiamu na bloki ni ya chuma. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo kila gari linapowashwa na kuzimwa hedi inasogea kidogo sana juu ya gasketi. Gasketi imeundwa kulivumilia hilo. Isichokivumilia ni kuchemsha. Joto likizidi, hedi inataka kutanuka na boliti zimeishika, basi inapinda, na ikishapoa hairudi ilivyokuwa. Uwazi wa sehemu ya kumi ya milimita unatosha moto kupenya.

Tuanze na kifuniko cha rejeta, kwani ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Maji matupu yakiwa wazi huchemka nyuzi 100. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9, yaani baa 0.9, kinayaruhusu kufika karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Kikishakufa, faida hiyo yote imepotea: maji yanaanza kutoa mapovu ya mvuke karibu na vali za ekzosi wakati mshale wa dashibodi bado uko katikati. Mvuke haupozi chuma kama maji yanavyopoza, na hapo hapo ndipo gasketi inapoanza kuchomeka. Kitizame kifuniko chako gari likiwa baridi: mpira wa chini uwe laini bila mikunjo wala nyufa, springi irudi kwa nguvu, na ile vali ndogo ya katikati ivutike na kurudi. Kikiwa na shaka, nunua kingine chenye namba ile ile. Usiweke cha 1.1 mahali pa 0.9 ukidhani unaongeza nguvu; kwenye rejeta ya zamani utapasua tangi lake la plastiki.

Jambo la pili ni maji tunayoyatumia. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima, na mengi ya mferejini pia, yana chokaa nyingi. Sufuria ya chai inakuonyesha: ule ukoko mweupe wa chini ndio huo huo unaojiganda ndani ya injini, na unajiganda zaidi penye joto kali zaidi, yaani kuzunguka vyumba vya moto, na kwenye vile vijia vyembamba vya rejeta. Visima vya karibu na pwani vina chumvi juu yake, na chumvi inaila aluminiamu. Ukifungua hedi iliyoishi kwa maji ya kisima utaona matundu ya maji yametafunwa, kingo zimekuwa na mashimo, na mashimo hayo yakifika kwenye mstari wa gasketi hakuna gasketi itakayoyaziba.

Tumia kulanti ya gari, nusu kwa nusu na maji yasiyo na chokaa. Ziko zilizokwisha kuchanganywa tayari. Hizo usizizidishie maji. Huku kwetu hakuna barafu, lakini kulanti ina kazi mbili nyengine: inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ukikosa maji yaliyosafishwa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni bora kuliko ya kisima. Maji yanayouzwa kwa ajili ya betri hakikisha ni maji kweli, si tindikali, kwani huuzwa pamoja na chupa zinafanana. Njiani ukikwama tia maji yoyote baridi ya kunywa ufike nyumbani, kisha uyamwage. Maji ya bahari usitie hata kidogo.

Na pezi za rejeta, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, nazo zina adui, ni upepo wa chumvi. Gari linalolala Paje au Jambiani mita chache kutoka ufukweni, zibonyeze pezi kwa kidole pale chini, upande unaotizama mbele. Zikimeguka zikaacha ungaunga wa kijani au kijivu kidoleni, rejeta hiyo haitoi joto tena hata kama haivuji tone.

Kisha thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuyapitisha maji kwenye rejeta. Mafundi wengi wakiona gari linachemsha wanaitoa na kuitupa. Hili ni kosa na linagharimu injini. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani cha chini ambacho, ikifunguka, kinaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Barabara tambarare huoni kitu. Kwenye vilima vya Pemba, gari limejaa, kati ya Mkoani na Chake, mshale unapanda. Isitoshe, injini ya petroli yenye kompyuta ikikaa baridi muda wote inamimina mafuta mengi. Thamostati ipime: itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka hapo hapo karibu na nyuzi 82, na ikiwa wazi kabisa pengo lizidi milimita 8. Isipofunguka, nunua mpya.

Dalili

Gasketi inaungua kwa njia kadhaa na kila njia ina alama zake. Anayesubiri kuona maziwa kwenye oili huchelewa, kwani hiyo ni njia moja tu, tena si ya kawaida sana.

Inayotokea zaidi ni moto kupenya kwenye njia ya maji. Gari linatembea vizuri mjini, linachemsha likipanda mlima au likikimbia. Kopo la akiba linajaa hadi kumwagika, kisha asubuhi rejeta ina upungufu. Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu dakika mbili tatu baada ya kuwasha, hata kabla maji hayajapata moto. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote: mgandamizo unaokuja kabla ya joto hauwezi kutoka kwa maji, unatoka kwenye silinda.

Maji yakiingia silinda, gari likiwashwa asubuhi linatetemeka kwa misi (kutowaka) ya silinda moja kwa nusu dakika au dakika, na ekzosi inatoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu ya kulanti. Moshi mweupe wa asubuhi ya masika unaopotea mara moja ni unyevu tu. Plagi ya silinda iliyoingia maji hutoka safi kupita kiasi, imeoshwa, na pistoni yake ukiimulika kwa tochi inang'aa wakati zenzake ni nyeusi. Kuna hatari moja hapa: ukizungusha stata ikagota ghafla kwa mlio mmoja na kusimama, usiilazimishe. Huenda silinda imejaa maji, na maji hayabanwi, utapinda konrodi. Toa plagi zote kwanza, ndipo uzungushe.

Moto ukivuja kati ya silinda mbili za jirani, maji hayapungui wala oili haibadiliki. Injini inakosa nguvu tu na ina misi isiyoisha kwa kubadilisha plagi wala koili. Oili na maji vikikutana, dipstiki inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Hapo gari lizimwe na livutwe. Oili hiyo haina uwezo wa kubeba beringi za krenki shafti, na kilomita chache zinatosha kuziua.

Dalili zinazodanganya

Povu la rangi ya krimu chini ya kifuniko cha oili, na dipstiki ni safi, mara nyingi ni unyevu wa gari linalofanya safari fupi: nyumbani hadi Darajani na kurudi, injini haipati moto wa kutosha kukausha mvuke. Unyevu wa hewa yetu unazidisha. Povu lifutwe, gari liendeshwe safari ndefu moja, kifuniko kitizamwe tena.

Utomvu wa rangi ya waridi kwenye rejeta ya gari la otomatiki si gasketi. Chini ya rejeta kuna kipoza oili ya giaboksi. Kikitoboka oili hiyo inachanganyika na maji. Rejeta ibadilishwe, na giaboksi ioshwe haraka kabla klachi zake hazijaharibika. Kwenye dizeli, oili nyeusi inayoelea juu ya maji inaweza kutoka kwenye kipoza oili cha injini, kile kilichoshikana na bloki. Kipime hicho kwanza kabla ya kuvua hedi nzima.

Gari linalochemsha likiwa kwenye foleni pale Mwanakwerekwe na kupoa likikimbia, tatizo lake ni feni. Kwenye Hiace na Prado feni ina klachi yenye mafuta ya silikoni. Izungushe kwa mkono injini ikiwa ya moto na imezimwa. Ikizunguka mizunguko mingi bila kizuizi, imekufa.

Kupima kabla ya kufungua

Kipimo rahisi kisichohitaji chombo: gari baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi ukingoni. Kwa injini ambazo pampu ya maji inaendeshwa na belti ya nje, kama 1NZ ya petroli ya Toyota, legeza belti uitoe ili maji yasizunguke. Washa, tizama mdomo wa rejeta kwa dakika moja, usizidishe mbili. Mapovu yanayopanda mfululizo, na kuongezeka ukikanyaga mafuta, ni moto wa silinda. Mapovu machache ya mwanzo yanayokoma ni hewa iliyonaswa.

Kipimo cha dawa ni cha uhakika zaidi kwa petroli. Ni kichupa chenye kimiminika cha buluu kinachokaa juu ya mdomo wa rejeta na kuvuta hewa iliyo juu ya maji. Hewa ya moto wa injini ikiwemo, buluu inageuka njano. Punguza maji kidogo kwanza yasivutwe ndani ya kichupa, yatakiharibu kipimo.

Pampu ya kupimia msukumo wa maji inafungwa mahali pa kifuniko. Isukume hadi namba ya kifuniko, 0.9 au 1.1, uiache robo saa. Mshale ukishuka na nje hakuna tone, toa plagi, uache msukumo ule usiku kucha, kisha asubuhi zungusha stata ukiwa umekaa pembeni. Silinda iliyovuja itarusha maji kwenye tundu la plagi.

Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ipimwe injini ikiwa na joto, plagi zote zimetolewa, mafuta na moto wa plagi vimekatwa, pedali imekanyagwa hadi chini, betri ina nguvu. Kwa 1NZ-FE kiwango kizuri ni karibu kilo 15 kwa sentimita mraba, mwisho wa kuvumilika ni 11, na tofauti kati ya silinda moja na nyengine isizidi 1. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika kati yao. Silinda moja pekee ikiwa chini, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali au gasketi. Kwa dizeli tumia geji yake maalumu inayopita baa 40, kupitia tundu la plagi ya moto. Geji ya petroli itapasuka. Na uelewe kwamba kompresheni nzuri haiondoi shaka ya gasketi. Ufa mdogo wa kwenda kwenye maji hauonekani kwenye geji hii.

Kuhusu dawa za kuziba zinazomiminwa kwenye rejeta, pamoja na yai bichi na pilipili manga: vitu hivi haviwezi kuhimili mgandamizo wa silinda, lakini vijia vya rejeta vinaviziba kwelikweli. Ukinunua gari ukakuta matope ya kahawia au vipande vinavyong'aa kwenye mdomo wa rejeta, mwenyewe alikwisha kujaribu.

Kufungua

Injini ilale usiku mzima ipoe. Boliti za hedi yenye moto zikilegezwa, hedi inapinda mkononi mwako. Toa waya hasi wa betri, mwaga maji na oili, piga picha za kila waya na kila mpira kabla ya kuuchomoa. Weka alama za taimingi pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa. Boliti za hedi zilegezwe kwa mpangilio wa kutoka nje kwenda ndani, kwa awamu tatu, si moja moja hadi mwisho. Zitoe ukizipanga kwenye kipande cha boksi kilichotobolewa kwa mpangilio wao.

Kwenye injini ya 2AZ-FE, iliyomo ndani ya Alphard na Harrier nyingi za miaka ya 2002 hadi 2006, sikiliza mkono wako. Boliti za upande wa nyuma, unaotizama kabini, zikitoka kwa wepesi usio wa kawaida au zikitoka na vinyuzi vya aluminiamu, hesi za bloki (mikato ya skrubu inayoshika boliti) zimekwisha. Hapo kutia gasketi mpya peke yake ni kutupa pesa. Bloki itobolewe na kutiwa bushi za chuma zenye hesi, kwa chombo cha kuelekeza tundu lisiende upande, na matundu yote kumi yafanywe, si yale yaliyokwisha kung'oka tu.

Hedi ikishatoka, isome gasketi ya zamani kabla ya kuitupa. Pale palipopita moto pana mstari mweusi uliokwangua. Pale palipovuja maji pana kutu au njia iliyooshwa. Alama hiyo inakuambia ni wapi pa kupimwa kwa makini zaidi kwenye hedi na kwenye bloki.

Hapa ndipo kazi inapotengenezeka au kuharibika

Uso wa hedi usisuguliwe kwa diski ya msasa ya umeme. Inachimba mabonde ambayo jicho halioni, na unga wake ni mgumu kuliko beringi. Ukiingia kwenye njia za oili injini haimalizi wiki. Tumia kikwaruzo cha plastiki au wembe ulioshikwa kwa kulala, pamoja na dawa ya kusafishia breki, na matundu yote ya oili yazibwe kwa kitambaa.

Kisha rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Weka rula kwa urefu kwenye kingo zote mbili, kwa upana, na kwa mshazari pande mbili. Kwa injini nyingi za petroli za Toyota, 1NZ ikiwemo, mwisho ni 0.05 mm. Uwembe wa 0.05 ukipita chini ya rula, hedi iende mashine. Bloki nayo ipimwe vivyo hivyo. Wengi huisahau, na bloki ya 1NZ ni ya aluminiamu, nayo hupinda. Kwa dizeli vipimo ni vyengine, fuata kitabu cha injini yako.

Kabla ya kulipia kuskimu (kukwangua uso kwa mashine uwe sawa), hakikisha hedi haijapasuka. Tizama kati ya vali ya kuingiza na ya ekzosi, na kwa 1KZ tizama zaidi, hedi za injini hiyo zinajulikana kwa nyufa. Dawa nyekundu ya kupuliza na unga wake mweupe huonyesha ufa kwa mstari mwekundu. Bora zaidi hedi ifungwe matundu, itiwe hewa na kuzamishwa kwenye maji ya moto, kwani nyufa nyengine hufunguka kwa joto tu. Kama karibu yako hakuna mashine ya kazi hii, ipakie hedi kwenye boti iende Unguja au Dar es Salaam. Siku mbili za kusubiri ni nafuu kuliko kufungua mara ya pili. Kusugua hedi kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kunaifanya ing'ae tu, hakuondoi kupinda.

Mashine ikwangue kidogo iwezekanavyo. Kila sehemu ya kumi ya milimita inayotoka inapandisha kompresheni na kusogeza taimingi ya kamshafti, na kwa dizeli inaleta vali karibu na pistoni. Injini kadhaa za dizeli za Toyota zina gasketi za unene tofauti, zenye herufi au vikato pembeni. Unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloki, au angalau kwa kufuata alama ya gasketi iliyotoka. Muuza spea akikupa yoyote akisema zote sawa, tafuta duka jengine.

Gasketi za kisasa ni za bati zilizopangwa matabaka, na zinataka uso laini sana. Mwambie mwenye mashine ni gasketi gani unayoitia. Na hedi iliyopinda chini mara nyingi imepinda juu pia: kabla ya kufunga, rudisha kamshafti na vifuniko vyake bila vali, uizungushe kwa vidole. Ikigoma, kuskimu chini hakukutosha.

Kufunga

Matundu ya boliti kwenye bloki yasafishwe na kukaushwa kabisa kwa upepo wa kompresa, miwani machoni. Oili au maji yakibaki chini ya tundu lisilo na upenyo, boliti inapoingia inayasukuma, na kitakachopasuka ni bloki. Hesi zisafishwe kwa boliti ya zamani iliyokatwa mfereji ubavuni, si kwa tepu ya kukatia, hiyo inapunguza hesi.

Boliti zinazokazwa kwa nyuzi za kuzunguka zimetengenezwa zinyooke kidogo. Kitabu cha baadhi ya injini kinaruhusu kuzirudisha zikiwa chini ya urefu fulani, lakini kwa injini iliyochemsha mimi nasema nunua mpya. Zipake oili nyepesi kwenye hesi na chini ya kichwa, si ya kutiririka. Gasketi ikae kavu, bila silikoni, isipokuwa zile sehemu ndogo kitabu kinazozitaja, kama pale kifuniko cha cheni kinapokutana na bloki. Matundu ya gasketi yalingane na ya bloki, na alama ya juu itizame juu.

Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ni lazima. Anayesema mkono wake umezoea, mkono wake haujui tofauti ya Nm 29 na 45 (Nm ni kipimo cha nguvu hiyo). Kwa 1NZ-FE, boliti kumi, anzia katikati ukitoka nje kwa mzunguko: zote kwa Nm 29, kisha zote nyuzi 90, kisha zote nyuzi 90 tena. Tia alama ya rangi kwenye kila kichwa ujue ipi imezunguka. Injini nyengine zina namba zake, usizichanganye.

Ukiwa umefika huko, badilisha thamostati, kifuniko cha rejeta, mipira iliyovimba na pampu ya maji kama ina mchezo au alama ya kuvuja, na belti ya taimingi kwa injini zenye belti. Rejeta itolewe ikasafishwe vijia vyake au ibadilishwe. Hii ndiyo sehemu mteja anapotaka kupunguza gharama, na ndiyo isiyopunguzika.

Kujaza maji kuna taratibu zake. Injini ndogo ya cc 1500 inachukua takriban lita 5; zikiingia 3 tu na rejeta inaonekana imejaa, hewa imenaswa. Nyanyua pua ya gari, fungua hita hadi mwisho wa moto, mimina pole pole ukibinya mpira wa juu, washa bila kifuniko hadi thamostati ifunguke na feni iwake mara mbili. Hita ikitoa upepo baridi injini ikiwa ya moto, hewa bado imo.

Kama oili ilikuwa imechanganyika na maji, tia oili ya bei nafuu na filta mpya, injini izunguke dakika kumi bila mzigo, imwagwe, kisha tia oili yenyewe na filta nyengine. Maji yaliyopita kwenye ekzosi kwa muda mrefu huenda yameharibu sensa ya oksijeni na katalisti. Taa ya injini ikiwaka baadaye, anzia hapo.

Kwa wiki mbili za kwanza, kila asubuhi kabla ya kuwasha, binya mpira wa juu wa rejeta: unatakiwa uwe laini. Fungua kifuniko utizame maji. Upungufu wa kikombe kimoja siku za mwanzo ni hewa inayotoka. Ukiendelea baada ya hapo, rudisha pampu ya msukumo upime tena. Gasketi za bati hazihitaji kukazwa upya, na boliti zilizokazwa kwa nyuzi zisiguswe. Zile za zamani za karatasi ngumu, kitabu kikisema zikazwe upya, zikazwe injini ikiwa katika hali ya joto iliyotajwa humo, baridi au moto, boliti moja moja, kwa mpangilio ule ule wa kutoka katikati.